Chaki ya Zawena

Siku ya matokeo mvua ilianza alfajiri, lakini mkuu wa shule akasema paredi iko palepale. Basi tukasimama uwanjani, wasichana wote wa kidato cha sita wa Sekondari ya Masukila, tumeloa mpaka soksi, tukisubiri zamu ya kuweka kiganja kwenye nguzo. Nguzo ilikuwa imefunikwa mwavuli. Sisi hatukufunikwa na chochote.

Ukiweka kiganja, nguzo inakuwasha kidogo kama upupu, halafu panatokea rangi kwenye kifundo cha mkono, chini ya ngozi. Kijani ni Njia ya Kwanza, chuo kikuu na fani uliyoomba. Bluu ni chuo cha kati, njano ni ufundi. Kahawia ni Njia ya Nne, yaani Kambi za Uzalishaji, ukachume chai ya serikali mpaka utimize miaka thelathini. Hakuna chuo wala ofisi itakayokufungulia geti ukiwa na rangi isiyotakiwa hapo. Rangi haitoki kwa sabuni, na waliojaribu wembe walibaki na kovu la kahawia.

Nilikuwa na uhakika wa kijani. Nasema bila aibu. Mwalimu Nkwera wa kemia akikwama ubaoni alinitazama mimi kabla hajatazama kitabu, na wapishi wa shule waliniita daktari tangu kidato cha tano, wakiniongezea maharage ili siku moja niwatibu bure.

Nikaweka kiganja. Kahawia.

"Subilaga Mwaijande, pita. Usizuie foleni," alisema mkuu wa shule.

Niliweka tena. Mwalimu wa zamu akanishika mkono na kuniondoa kama anayefukuza kuku jikoni. Aliyefuata alikuwa Zawena Mchopa, mwenzangu wa dawati moja, msichana wa Tunduru ambaye siku alipofika hakuweza kusawazisha hata mlinganyo wa msumari unaoshika kutu. Akaweka kiganja chake, akafumba macho. Mkono wake ukawaka kijani, na mkuu wa shule akasoma kwa sauti: udaktari.

Watu wakapiga makofi kwenye mvua. Nilitamani kumsukuma Zawena aangukie tope, na mpaka leo sijui kilichonizuia.

*

Njia ya Nne huanza kabla hujafika kambini. Nilipokwenda dukani kununua chumvi, Baba Gwamaka, ambaye tangu nikiwa mtoto ananiita mchumba, aliuona mkono wangu nikiunyoosha. Akaacha kutabasamu. Akaniambia nisubiri pembeni, awahudumie wateja kwanza. Wateja walikuwa watoto wawili wanaonunua pipi.

Mama hakulia. Mama anashona sweta za shule kwa mashine, na siku zile alishona kwa hasira mpaka sindano zikawa zinakatika. Mwalimu Nkwera alipopiga hodi, alimkaribisha kwa kumwonyesha kiti kisicho na mto.

"Umekuja kutupa pole au kutueleza?" Mama alimuuliza.

"Kueleza, mama. Na sisi tumeelezwa juzi tu."

"Eleza basi."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alituhadithia yale ambayo Baraza la Njia lilikuwa limewaambia walimu baada ya matokeo, si kabla. Mitihani ilifutwa kwa sababu ilikuwa ikivuja kila mwaka, hilo tulilijua. Badala yake kila darasa likafungiwa Sikizi kwenye dari, kidude kama sahani, nasi tukaambiwa tusome kama kawaida, kitasikiliza miaka yote miwili. Shuleni kwetu kilifungwa kabla ya mabati kuzibwa, kwa hiyo kiliusikiliza pia mvujo wa mvua ndani ya ndoo.

"Tulidhani kinahesabu nani anajua," alisema mwalimu. "Hakihesabu hivyo. Kinatafuta chimbuko."

"Ndiyo nini hicho?"

"Darasa likiwa halijaelewa, mama, sauti za watoto zinasitasita. Wakielewa, zinanyooka. Sikizi inarudi nyuma kutafuta sentensi iliyozinyoosha, imetoka mdomoni mwa nani. Huyo ndiye chimbuko. Wengine wote wanahesabiwa wameazima. Na kelele inazichuja kwanza. Mvua, kikohozi, viti, miguu."

Mama alisimamisha mashine. "Na hizi shule za mjini zilijua?"

"Za mjini wana walimu wa ziada wa kuwafundisha watoto kuwahi kusema. Nimekaa kwenye darasa lao moja. Mwalimu hajamaliza swali, watoto kumi wameshasema 'kwa hiyo maana yake'. Ni kuropoka tu, lakini mtambo unakupenda."

Hapo nikaelewa kilichonipata.

Kikundi chetu cha diskasheni kilikuwa na sheria moja, tuliyoirithi kwa dada waliotutangulia bwenini: asiyeelewa ndiye anayeshika chaki. Anayeelewa anakaa. Ukimwachia anayeelewa ubao, atajisikiliza mwenyewe na wengine watalala. Kwa hiyo somo lenyewe nililitoa Jumamosi kwenye makaro ya kufulia, maji yakimwagika, mikono ikiwa kwenye shuka, mahali ambapo hakuna Sikizi. Kisha darasani Zawena, aliyekuwa dhaifu kuliko wote, alisimama ubaoni na kutueleza upya. Na kwa kuwa walimu wa zamu walikuwa wakali kwa wanaonong'ona, nilimsahihisha kwa kisigino. Kikigonga sakafu mara moja, umekosea, rudi nyuma. Mara mbili, endelea.

Miaka miwili mtambo ulimsikia Zawena akifundisha. Mimi ulinichuja pamoja na ndoo.

"Kata rufaa," alisema Mama.

Mwalimu Nkwera alijikuna shingo. "Rufaa haipokelewi bila jina. Lazima amtaje aliyebeba chimbuko lake."

"Atamtaja."

"Mama, akishinda, yule mwingine hashuki ngazi moja. Anapelekwa Nne, kwa udanganyifu."

"Mwalimu," Mama alisema, "mwanangu amekaa miaka miwili akimlea mtoto wa watu. Sasa unataka nimwonee huruma nani?"

Sikumwonea huruma mtu. Nilimtaja Zawena siku ileile.

*

Tulikutana shuleni tulipokwenda kuchukua matranka yetu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa karo letu, mikono ya sweta ameishusha mpaka kwenye vidole kuficha kijani chake. Nilijua ameshapata wito wa Baraza.

"Umenitaja," alisema.

"Nimtaje nani? Mpishi?"

"Subi, wewe ndiye ulinipa chaki. Mimi nilikuwa naogopa ubao. Siku ya kwanza nililia, ukaniambia nikikaa utaniacha nisome peke yangu."

"Nilikupa chaki. Sikukupa mkono wangu."

Akacheka, kicheko kibaya. "Unafikiri mimi ni kasuku, sivyo? Unafikiri nilikuwa natoa tu ulichoweka."

"Toa basi kitu ambacho sikuweka."

"Ninachoeleza nakijua, Subilaga. Nilijua kwa sababu nilisimama, nikaaibika, nikarudia mpaka kikaingia. Wewe ulikuwa umekaa kama bibi mwenye nyumba, unanigongea kisigino. Kila 'mara moja' yako ilikuwa inaniuma hapa." Alijigusa kifuani. "Hukuwahi kuniambia nimeweza. Mara mbili, endelea. Basi."

Maneno yake yalinitia hasira zaidi. Nikamwambia kwamba siku atakapomuua mgonjwa wa kwanza anitumie salamu kambini.

Zawena alisimama, akabeba tranka lake kichwani. "Dada yangu alikwenda kambini," alisema. "Alirudi mara moja, kwenye msiba wa baba. Alikuwa anauliza ruhusa ya kwenda chooni, nyumbani kwetu. Mimi siendi huko alikokwenda yeye. Ukitaka kunitoa, uje na nguvu."

"Nitakuja nazo," nikamwambia.

*

Kikao cha rufaa kilikaa Mbeya, kwenye ukumbi wa Baraza. Mama alizuiwa mlangoni, akakaa kwenye benchi nje na mkoba wake mapajani. Ndani kulikuwa na meza ndefu, ubao mweusi uliotolewa stoo kwa ajili yetu, na Sikizi moja kubwa juu ya vichwa vyetu. Mwenyekiti aliitwa Bwana Kihwele, mtu mnene, mwenye sauti ya upole inayotisha kuliko ya ukali. Pembeni yake alikaa fundi wa mtambo, dada mmoja aliyekuwa akitafuna karanga kimyakimya.

"Utaratibu ni mwepesi," Mwenyekiti alisema. "Mlalamikiwa atapewa swali jipya, ambalo hamjawahi kulifanya. Akilieleza mwenyewe, chimbuko ni lake na rufaa imekufa. Akishindwa, chimbuko linahamia kwa mlalamikaji. Mlalamikaji anapanda kwenye kijani, mlalamikiwa anakwenda kahawia. Mlalamikaji atakaa kimya muda wote. Umeelewa, binti?"

"Nimeelewa."

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Ilikuwa kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kupewa.

Swali lilikuwa hili: mgonjwa ameharisha mpaka amekauka. Ukimpa maji matupu anaendelea kukauka. Ukiyatia chumvi kidogo na sukari, anapona. Kwa nini?

Zawena akashika chaki. Akachora utumbo ubaoni. Alieleza jinsi maji yanavyofuata chumvi popote inapokwenda, jinsi kuhara kunavyoifagia chumvi ya mwilini, na kwa nini maji matupu yanapita tu kama mgeni asiyekaribishwa. Alieleza vizuri. Nililiona hilo kwa uchungu wote, kwa sababu nilijua mimi nisingeweza kueleza hivyo. Ningesema kweli yote kwa sentensi tatu kavu, na hakuna ambaye angeelewa. Yeye alisema polepole, akirudi kumchukua aliyebaki nyuma, na hata fundi aliacha karanga zake.

Kisha akafika kwenye sukari.

"Sukari," alisema, "tunaiweka kwa sababu mgonjwa amechoka. Inampa nguvu ya..."

Hapana. Sukari si ya nguvu. Ukuta wa utumbo una vilango ambavyo chumvi haipiti peke yake, inapita ikishikana mkono na sukari, na ikishapita maji yanaifuata. Mgonjwa anaokolewa pale, na Zawena alikuwa anapita kando yake. Alisita. Chaki ilisimama hewani. Nilikuwa nimeshinda, sikutakiwa kufanya chochote ila kuvuta pumzi.

Kisigino changu kikagonga sakafu mara moja.

Sikukipeleka. Mtu asinisifu kwa hilo. Kilikwenda chenyewe, kama kilivyokwenda miaka miwili.

Zawena hakugeuka. Akafuta alichoandika kwa kiganja. "Narudi nyuma," alisema. "Si nguvu. Kama ingekuwa nguvu tu, tungempa sukari bila chumvi, na yule mgonjwa angekufa akiwa na nguvu." Akatazama mchoro wake. "Hivi vitu viwili vinawekwa pamoja. Kwa hiyo vinahitajiana. Chumvi haiwezi kuingia peke yake hapa ukutani, inavushwa na sukari. Zikiingia zote mbili, maji yanazifuata." Akachora vilango, kimoja kimoja, na kwenye kila kimoja akaweka nukta mbili zilizoshikana.

Hilo la vilango sikuwahi kumfundisha. Tulikuwa tumelipanga Jumamosi ya mwisho, na Jumamosi hiyo maji yalikatika, hatukufua wala kusoma. Alikuwa amelifikia mwenyewe, pale mbele ya macho yangu. Nilichompa mimi ni kumwambia kwamba amekosea.

"Mwenyekiti," fundi alisema. "Kuna kitu."

Akabonyeza mtambo. Kutoka juu tukasikia sauti ya Zawena ikisita, kisha ko ya kisigino, kisha 'narudi nyuma'.

Bwana Kihwele alinitazama miguu. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mnayo lugha ya miguu?"

Bwana Kihwele akamwambia fundi azirudishe sauti zote za miguu zilizochujwa Masukila, aupe mtambo uhesabu upya. Haikuchukua muda. Tulizisikia zikitoka kwenye dari kwa kasi, miaka miwili ya kisigino changu, mara moja, mara moja, mara mbili, huku sauti ya Zawena ikikimbia nyuma yake. Ndipo nikasikia jinsi zile za mara moja zilivyokuwa nyingi mwanzoni, na jinsi zilivyopungua kadiri miezi ilivyokwenda, mpaka mwishoni zikawa hazipo kabisa, mara mbili tu, mara mbili, endelea.

"Chimbuko limehama," fundi alisema. "Mwaijande, kijani. Mchopa, kahawia, udanganyifu."

Zawena aliiweka chaki mezani taratibu sana. Alinigeukia akiwa na uso ambao sijawahi kuusahau.

"Umenitega," alisema. "Ulijua nitaitika. Umegonga makusudi."

"Sikugonga makusudi."

"Mwongo mkubwa. Mungu akulipe."

"Mlalamikiwa anyamaze," alisema Bwana Kihwele. Kisha akaniambia kwa ile sauti yake laini, "Hongera, binti. Utamke neno moja tu, 'nakubali', rangi zote mbili zibadilike. Usipotamka kabla taa ile haijazima, rufaa inafungwa na matokeo yanabaki yalivyokuwa."

Taa ndogo ikawaka kwenye Sikizi.

"Nina swali," nilisema. "Alichoeleza kuhusu vilango ni sahihi au si sahihi?"

"Hilo si swali la kikao hiki."

"Anajua au hajui?"

"Mtambo haupimi nani anajua. Unapima nani alianza."

"Mimi nilifundishwa na Mwalimu Nkwera. Na yeye alifundishwa. Mtatupeleka wote kambini mpaka mumpate aliyeanza?"

"Taa inakwenda, binti," alisema Bwana Kihwele.

Nataka lieleweke kwamba sikumsamehe Zawena. Alikuwa ameniita mwongo mbele ya watu, na kabla ya hapo alikubali makofi niliyostahili mimi kwenye mvua bila kugeuka nyuma. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile ninayo. Niliutaka udaktari kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilimwona Mama kwenye lile benchi, mkoba mapajani, na nilijua nitakayompelekea hatayameza leo wala kesho. Lakini zile nukta mbili zilikuwa ubaoni, zimeshikana, na hazikuwa zangu. Nikisema nakubali, nitakuwa nimemfanyia yeye kwa mdomo wangu kile ilichonifanyia mimi sahani ya kwenye dari.

Nikafunga mdomo. Nilihisi meno yangu.

Taa ikazima.

"Rufaa imefungwa," fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Matokeo yanabaki."

Nilitazama mkono wangu. Kahawia, ile ile. Zawena alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wake wa kijani kama uliovunjika, ananitazama kama mtu aliyeongeleshwa kwa lugha ngeni.

"Umechezea kikao," Bwana Kihwele aliniambia, na upole wote ulikuwa umekwisha. "Umechezea serikali na umechezea maisha yako. Kambini utapata muda wa kufikiri. Toka."

Badala ya kutoka, niliiendea meza. Nikaichukua chaki, kipande kidogo kilichobaki na unyevu wa vidole vya Zawena, nikaiweka mbele ya Bwana Kihwele, juu kabisa ya mikono yake iliyokunjwa.

"Hii ya nini?" aliuliza.

"Bwenini kwetu asiyeelewa ndiye anayeshika chaki," nilisema. "Simama, mzee. Tueleze sisi wawili hiki mlichokipima."

Fundi aliinamia karanga zake kuficha uso. Bwana Kihwele aliisukuma ile chaki kwa kidole mpaka ikaanguka sakafuni.

"Mtambo haukosei," alisema.

Kisigino changu kikagonga mara moja. Safari hii nilikipeleka mwenyewe.

Na nyuma yangu, kutoka pale Zawena alipokaa, chini ya Sikizi ambayo sasa ilikuwa inasikia kila kitu, kisigino kingine nacho kikagonga mara moja.